Mfasiri wa Filamu ya Njuga

Kulikuwa na filamu moja ambayo Mfasiri hakukubali iishe namna ilivyotengenezwa. Ukitaka kumjua, anza hapo. Mengine yote, kwamba ana macho mabovu, kwamba hawezi kucheza hata hatua mbili, kwamba ulimi wake ulimfukuzisha kazi, yanafuata nyuma ya hilo. Nimemjua tangu nina miaka tisa, sasa nina thelathini na moja, na sijawahi kumsikia akiomba radhi kwa ajili ya filamu ile. Nami sitamwombea hapa.

Kazi yake ilikuwa kufasiri filamu kwa mdomo, filamu ikiwa inaendelea, katika ukumbi wa video uliokuwa karibu na bandari ya Rumonge, kwetu Burundi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Ukumbi ni neno la heshima. Ilikuwa nyumba ndefu ya mabati, mabenchi ya mbao, televisheni moja juu ya meza na jenereta nyuma ya ukuta. Yeye alikaa kwenye kigoda kirefu kando ya televisheni, mikro ya kusemea mkononi. Wavuvi wetu hufanya kazi usiku na kulala asubuhi, kwa hiyo onyesho kubwa lilikuwa saa nane mchana, wakishaamka na kunywa chai. Wanaume walikaa kulia, sisi wanawake na wasichana kushoto, na katikati palikuwa na njia ambayo Mfasiri aliilinda kwa macho kuliko mlinzi yeyote.

Filamu alizozipenda zilikuwa za Kihindi, na Kihindi hakukijua. Katika ujana wake aliwahi kumbebea mzigo mfanyabiashara mmoja wa vitambaa kule Bujumbura, akatoka na maneno kama ishirini, yote ya vitambaa. Ndiyo maana wapenzi katika filamu zake walisemeshana kwa namna ya ajabu kidogo. Mwanamume alimwambia mwanamke kwamba moyo wake ni pamba tupu, kwamba yeye si rangi ya kuchuja, kwamba amempima na hajaona mahali pa kukata. Wanawake wa Rumonge tulikuwa na hakika kwamba Wahindi wote wanatongozana hivyo. Nilipokuwa na miaka kumi na saba mvulana mmoja wa Minago aliniambia hachuji, nikajua mara moja amekaa benchi gani.

Usidhani alikuwa anabahatisha tu. Kila filamu mpya aliitazama kwanza mara tatu peke yake asubuhi, ukumbi ukiwa mtupu. Mara ya kwanza alizima sauti. Alisema mtu akitaka kujua nani anamdanganya nani, azibe masikio kwanza. Baada ya hapo alitembea ufukweni akijisemea maneno yote, ya mwanamume kwa sauti yake, ya mwanamke kwa sauti hiyo hiyo lakini taratibu. Akina mama waliokuwa wakianika ndagala, dagaa wa ziwa letu, mchangani walisikia mapenzi yote siku moja kabla ya mji. Walimtania kwamba wao wanastahili kuingia bure kwa kuwa wamekwisha kuona filamu. Naye aliwajibu kwamba wamesikia tu, kuona ni kitu kingine.

Wimbo ukianza alinyamaza. Aliweka mikro chini, akavua viatu, akatazama na sisi. Ukimuuliza mwenzako wimbo unasema nini alikunyamazisha kwa kidole. Kwake yeye, maneno ya filamu yaliandikwa na mtu yeyote, lakini dansi ilikuwa ni mwili wa mtu fulani, siku fulani, na hakuna anayeweza kumsemea. Sisi wasichana tulirudi nyumbani na zile hatua miguuni. Tulizirudia nyuma ya jiko, tukachanganya na kiuno cha Kikongo tulichokuwa nacho tayari, na hapo ndipo kikundi chetu kilipoanzia. Leo tuko wanawake saba, tunacheza kwenye harusi kuanzia Minago mpaka Nyanza-Lac. Hakuna aliyetufundisha isipokuwa ile televisheni, na yule mtu aliyekataa kuongea juu ya muziki.

Yeye mwenyewe, kama nilivyosema, hawezi kucheza. Ana nyayo bapa na magoti yasiyosikilizana. Kwenye harusi alisimama ukutani akipiga makofi nje ya mdundo, macho yamemlegea kwa furaha. Niliwahi kumuuliza haoni aibu. Alinijibu kwamba hata samaki hajui kupika, na bado hakuna mboga bila yeye. Sikuelewa, na nadhani hata yeye hakuelewa, lakini alilisema kwa uso wa mtu aliyeshinda kesi.

Kushinda kesi alikupenda mno. Mwaka mmoja wazee wa mtaa walimfuata kulalamika kwamba dansi za filamu zinaharibu watoto wa kike. Walimtaka apitishe mbele sehemu za nyimbo. Hakubishana. Alisema amesikia, na mchana ule wazee wawili walikuja kukaa benchi la nyuma kuhakikisha. Wimbo wa kwanza ulipofika akafunika televisheni kwa kitenge, akashika mikro, akaanza kueleza.

"Sasa mwanamuke anatokea," akasema. "Wazee wamekataza muone, basi mimi nitawaambia. Kiuno inakwenda kushoto. Inarudi. Pole pole, inarudi. Sasa anageuka, iko anawapa mugongo. Jasho inashuka hapa, kwa shingo. Inashuka. Bado inashuka."

Alieleza wimbo mzima, dakika sita, pumzi kwa pumzi. Ukumbini watu walisikika wakimeza mate. Kabla wimbo wa pili haujafika, mzee mmoja alisimama nyuma akasema kwa ukali, "Toa hiyo kitenge. Ni heri tuone." Suala hilo halikuzungumzwa tena Rumonge.

Sasa nije kwenye Filamu ya Njuga. Jina tulilipa sisi, la kweli hakuna aliyeweza kulisoma. Ilikuwa habari ya mtunzi wa nyimbo aliyekauka. Alikuwa na sifa zamani, halafu nyimbo zikagoma kuja. Siku moja yuko juu ya paa la nyumba aliyopanga, akaona kwenye paa la jirani mwanamke anaanika pilipili. Mwanamke hajui kama anatazamwa. Anazipanga pilipili kwa mguu, hatua hadi hatua, njuga zinalia, na kule kupanga kunakuwa dansi. Mtunzi anashuka ngazi mbio na kuandika ukutani kwa mkaa, kwa sababu karatasi hana. Kuanzia hapo yeye anatunga kwa kuwa anamwona akicheza, na mwanamke anacheza vizuri zaidi kwa kuwa sasa kuna wimbo. Wanapendana, bila shaka. Kisha familia ya mwanamume inasema sawa, tutamchukua, ila njuga zibaki kwao. Na yule mtunzi, ambaye bila miguu ile asingekuwa na wimbo hata mmoja, anatazama chini.

Mwanamke anakwenda mtoni na njuga mkononi. Ananyoosha mkono juu ya maji. Hapo diski yetu ilikuwa na mkwaruzo, na picha iliganda.

Mtu mwingine yeyote angesema samahani, filamu imeishia hapa. Mfasiri alizima televisheni, akasimama mbele yake, akaimalizia mwenyewe. Nimeusikia mwisho ule labda mara kumi na tano na naweza kuusema nikiwa usingizini.

"Mumeona mukono yake?" alianza. "Munafikiri anatupa? Oya. Hatupi. Anakaa pale kwa jiwe, anafunga tena, muguu ya kuume, kisha ya kushoto. Anarudi kwa ile nyumba yao. Anaingia, na kila mutu mule ndani anasikia kama amefika. Yule mwanaume akitaka, anyanyue macho. Asipotaka, wimbo zake zimuoe."

Tulipiga kelele, tukapiga mabenchi. Wavuvi wazima, mikono imechanika kwa nyavu, walifuta macho. Mtu mmoja tu hakuwahi kuusikia mwisho ule, na ni mke wa Mfasiri. Alikuwa akiuza sambusa na mihogo ya kukaanga mlangoni pa ukumbi, na kila siku ya filamu hiyo, mwanamke wa filamu akianza tu kushuka mtoni, yeye alifunga beseni lake na kwenda nyumbani. Niliona hilo tangu utotoni nikadhani ni haraka ya kupika.

Halafu watu wakaanza kurudi kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania, na pamoja nao alikuja Mwalimu. Alikuwa mtu mwema, msafi, Kiswahili chake kimenyooka mpaka tukaona haya kufungua mdomo mbele yake. Filamu ya Njuga aliiona kambini, nzima, na siku ya kwanza aliyokaa kwenye benchi letu alisikiliza mwisho wa Mfasiri mpaka neno la mwisho, kisha akasimama.

"Ndugu yangu, umewadanganya watu hawa," alisema kwa upole. "Yule mwanamke anazitupa njuga. Anamfuata mume wake, wanazaa watoto wawili, na filamu inaisha kwa amani. Nitaileta muone."

Akaileta kweli, wiki iliyofuata, diski isiyo na mkwaruzo. Mji mzima ulijua, na mwenye ukumbi aliongeza mabenchi. Mfasiri aliitazama asubuhi mara tatu kama kawaida yake, na ufukweni hakwenda. Mchana alifasiri vizuri kuliko siku zote, vitambaa vyote vikatoka, mpaka mwanamke alipofika mtoni. Pale aliweka mikro juu ya meza. Njuga zilianguka majini tukaziona zikizama. Mwanamke alitembea nyuma ya mume wake njia nzima, watoto wakatokea, maua yakatokea, Mfasiri amekaa kwenye kigoda na mikono imekunjwa. Hatukuambiwa neno lolote lililosemwa mle.

Televisheni ilipozimika akachukua mikro. "Murakoze, Mwalimu," alimshukuru kwa Kirundi. "Umeonyesha kile walitengeneza. Sasa munikalie kidogo, niwaambie ile ya kweli."

Nusu ya watu walicheka, nusu walikasirika, Mwalimu akatikisa kichwa. Mwenye ukumbi hakucheka. Alimwita nje mbele yetu akampa masharti: afasiri filamu inavyosema au aache kigoda. Mfasiri alirudi ndani, akachukua chupa yake ya chai na koti lake. Alikuwa na watoto wanne na hana shamba. Alipopita kwenye mabenchi ya wanawake tulisimama wote, sijui nani alianza, na mimi nilikuwa na miaka kumi na sita na nililia kwa hasira.

Lakini nisimfanye malaika, maana hapa ndipo aliponiudhi kwa miaka. Mtu mwenye mdomo hakosi kazi katika nchi hii ya maneno mengi. Familia zikaanza kumwita awe msemaji wao kwenye posa. Kwetu posa ni mchezo ambao kila mtu anaujua mwisho wake. Wazee wa pande mbili hukutana siku chache kabla, wanakubaliana yote pembeni, na siku yenyewe wasemaji wawili wanaketi kuulizana na kujibishana kwa madaha kana kwamba hakuna kinachojulikana. Wa kwao anasema wameona ua bustanini, wa kwenu anajifanya hajui habari za bustani. Bwana harusi haongei. Msichana yuko ndani nyuma ya pazia, anasikiliza anavyotolewa.

Na Mfasiri, yule aliyeacha mkate wake kwa sababu ya mwanamke wa kwenye televisheni, alisema kila alichoambiwa aseme. Wenzangu wawili katika kikundi walipochumbiwa, sharti lilikuwa lile lile, binti aache kucheza mbele ya watu, na sauti iliyojibu "tumekubali" ilikuwa ya kwake. Nilimfuata kwake nikamuuliza kama haoni haya.

"Filamu ni yangu," alinijibu bila kuinua kichwa. "Batoto ya watu si yangu. Wazee bananipa maneno, minasema."

Hiyo ndiyo siku mkewe alipozungumza nami. Alikuwa uani akitoa matumbo samaki wa mukeke, kisu kikienda bila yeye kukitazama. Aliniambia kwamba na yeye alicheza. Harusi za Rumonge nzima zilimngoja. Mfasiri alimwona akicheza, akamfuata miezi minane, na kila alipomwona alikuwa na maneno mapya, mpaka akamkubali kwa ajili ya maneno hayo. Siku ya posa kaka za mwanamume walisema dansi ziishie hapo. "Nilimungojea aseme kitu," mama yule aliniambia. "Mudomo yote ile. Alinyamaza." Akachukua samaki mwingine. Nilitaka kumuuliza kwa nini basi ameishi naye, lakini ni swali la mtu ambaye hajaolewa, nikalimeza.

Tangu hapo niliuelewa ule mwisho wa mtoni, na hasira yangu kwake iliongezeka badala ya kupungua. Ni rahisi kumfungia njuga mwanamke wa Kihindi. Hakulazimishi kusimama mbele ya kaka zako.

Miaka ikaenda na ukumbi nao. Kwanza simu ziliuua. Kila mtu akawa na filamu mfukoni, zimefasiriwa tayari na vijana wa mbali wanaopiga kelele hata juu ya nyimbo. Kisha ziwa likapanda na halikushuka. Maji yaliingia bandarini, yakaingia sokoni, yakakaa mle ndani ya ukumbi mpaka kwenye madirisha, na sisi wa mitaa ya chini tukahamia juu na magodoro vichwani. Macho ya Mfasiri yalikuwa yameanza kufifia wakati huo. Alinishika mkono siku moja barabarani, akanitambua kwa mwendo, akasema anafurahi kwamba maji yameingia kwenye ukumbi kwa sababu mwenye ukumbi hakuwahi kuusafisha vizuri.

Mwaka jana ikafika zamu yangu. Aliyetaka kunioa ni fundi wa mota za mitumbwi, wa Nyanza-Lac, familia iliyorudi kutoka Tanzania. Alinikuta nikicheza kule Magara, kwenye harusi ya rafiki yake, na baada ya ngoma hakunisifu uso wala macho. Aliniuliza ile hatua ya tatu, ya kuchelewesha kisigino, nimeitoa wapi. Nilimpenda hapo hapo, sitaki kujidai. Lakini posa ilipokaribia Baba mkubwa, ambaye ndiye mwenye neno nyumbani kwetu, aliniita akaniambia wamekwisha kukutana na wenzao. Sharti ni lile.

"Tumeshakubali," alisema. "Usilete matata, mutoto wangu. Mufasiri atasema, tutakula, itaisha."

Nilimpigia fundi wangu simu. Alisema yeye hana shida na dansi, ni wazee tu, na mbele ya wazee yeye afanye nini. Nikasikia kwenye simu ukimya ule ule niliosimuliwa uani na mke wa Mfasiri. Nilikata. Nikaenda kwa Mfasiri, nikamkuta ameketi mkekani na mkewe anachambua mchele. Nilimwambia kwamba akisema maneno yale kwa ajili yangu sitamwamkia tena maisha yake yote.

"Nimekwisha kupewa maneno," alisema. "Na mimi ni muzee, mutoto wangu. Watanialika wapi tena?"

Mkewe alipuliza makapi ya mchele na kuendelea.

Siku yenyewe walikuja watu kumi na wawili, wamevaa vizuri, kreti za soda zimefungwa nyuma ya pikipiki. Niliwekwa chumba cha ndani pamoja na akina mama. Mke wa Mfasiri alikuwa nasi akipakua wali kwenye masinia. Kupitia upenyo wa pazia niliona magoti ya fundi wangu na mikono yake juu yake, mafuta ya mota bado yako kwenye kucha. Msemaji wao, dereva mstaafu mwenye sauti nzuri, alieleza safari, akaeleza ua, akaeleza bustani. Mfasiri alimjibu yote kwa ufundi, watu wakacheka palipotakiwa kuchekwa. Nilihesabu pumzi zangu.

"Kimebaki kimoja, mzee mwenzangu," alisema yule dereva. "Binti yetu tumesikia ana kipaji cha kucheza mbele za watu. Tunashukuru. Ila akifika kwetu, kazi hiyo ameimaliza. Mmekubali?"

Ilikuwa zamu ya neno moja. Mfasiri akaguswa goti na Baba mkubwa. Alikohoa.

"Hii swali minaijua," alisema hatimaye. "Bamekwisha kuniuliza zamani, mimi mwenyewe, nikiwa bwana harusi. Sikujibu. Nilikuwa ninaogopa kaka zangu. Kunyamaza kwangu ndiyo ilikuwa ndiyo. Mwenye alilipa iko kule nyuma, anapakua wali. Sikumuulizaka. Mpaka leo hajanisamehe."

"Sijakusamehe," alisema mkewe kwa sauti kubwa, kijiko mkononi, bila kutoka nyuma ya pazia.

Hakuna aliyecheka. Baba mkubwa alinong'ona kwa ukali, "Mufasiri, sema maneno tuliyokupa," na yeye akatikisa kichwa, macho yake mabovu yakitafuta upande iliko sauti.

"Nimesemea watu miaka mingi," akasema. "Nimesemea Wahindi, nimesemea mabibi harusi, nimesemea hata yule wa mutoni, nikajiona mwanaume. Hakuna aliyenituma. Leo sisemi ndiyo, sisemi oya. Mwenye miguu iko humo ndani. Mumuulize."

Akaegemea kiti, akafunga mdomo. Sijawahi kuona Mfasiri akifunga mdomo namna ile. Akina mama walinitazama. Mke wake alisogeza sinia kunipisha njia, nami nikashika pazia na kutoka, bila viatu, kilemba hakijafungwa, mbele ya wanaume ishirini ambao hawakupaswa kuniona mpaka niitwe.

Nilikuwa nimetunga hotuba siku tatu. Yote ilipotea. "Jumamosi tunacheza Minago," niliwaambia. "Nitacheza. Na Jumamosi itakayofuata, na nikiolewa, na nikizaa. Sharti lenu nimelisikia. Sikulikubali, na aliyelikubali hakuniuliza."

Dereva mstaafu alisimama. Alisema kwa adabu kwamba inaonekana nyumba hii haijamaliza kuongea yenyewe kwa yenyewe, na kwamba wao wataenda. Kreti zilianza kubebwa. Baba mkubwa alikuwa ameshika kichwa, na najua atanikumbusha siku ile mpaka kaburini. Mimi nilisimama pale pale, nikisema moyoni basi, imekwisha, na sitalia mbele yao.

Fundi wangu alikuwa bado ameketi. Mjomba wake alimwita mara mbili mlangoni.

"Saa ngapi?" akauliza. Alikuwa ananitazama mimi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo siku ile, na wazee wa pande zote mbili waligeuka. "Huko Minago. Mnaanza saa ngapi?"

"Mjibu basi," Baba mkubwa alimfokea Mfasiri, "si wewe ndiye msemaji?"

"Hajaniuliza mimi," alisema Mfasiri.

"Saa tisa," nikasema. "Na usichelewe, maana mimi ndiye ninayeanza."